Nilikwenda Tübingen, Nikakikuta Kiswahili

Jumamosi moja niliamka Stuttgart nikiwa sina darasa, sina miadi, ila nina tiketi ya treni ya mwezi mzima ambayo nilikuwa naionea uchungu. Niko huku kwa mafunzo ya uandishi wa habari ya miezi mitatu, na tiketi yote hiyo nilikuwa naitumia kwenda darasani na kurudi, basi. Nikampigia simu kaka mmoja wa kwetu anayesomea shahada ya uzamivu Tübingen, mambo ya utengenezaji wa dawa.

"Kaka, leo nakuja kukutembelea."

Akacheka. "Karibu dada. Lakini huku hakuna ugali, kuna wanafalsafa."

Kabla sijaenda mbali niseme kidogo juu ya tiketi hiyo, maana najua kuna watu watauliza. Inaitwa Deutschlandticket. Unalipa mara moja kwa mwezi, halafu unapanda treni za mikoa, mabasi na tramu za nchi nzima, ila zile treni za mwendo kasi za masafa marefu hazimo. Ilipoanza Mei 2023 ilikuwa euro 49. Januari 2025 ikawa 58, na kila ikipanda wenyeji wanalalamika kama sisi tunavyolalamikia nauli za daladala. Nyumbani nasi tumeanza kuonja raha ya reli tangu treni ya umeme ya Dar es Salaam na Morogoro ianze kubeba abiria Juni 2024, na nikiri kwamba tangu nipande ile yetu siwashangai tena sana hawa wenzetu kwa viti vyao na mabehewa yao. Ninachowashangaa ni wingi wa treni. Ukiikosa hii unakaa kidogo, inakuja nyingine.

Safari yenyewe ni kama saa moja hivi. Treni inafuata bonde la mto Neckar, unapita Esslingen yenye mashamba ya mizabibu yaliyopanda mlimani kama ngazi, baadaye Reutlingen, halafu umefika. Watu wa sehemu hizi wanaitwa Waswabia na lahaja yao ni Kiswabia. Mara ya kwanza kusikia nilidhani mtu ananitania. "Mimi Mswabia." "Na mimi Mswahili, tumekutana!" Wajerumani wenzao wanawasema kwa ubahili na kwa kufagia ngazi za nyumba kila wiki kwa zamu. Sisi Waswahili tunasemwa kwa mengine, tuyaache.

Haya, tumefika. Tübingen ni mji wa watu kama 90,000, na karibu theluthi moja ni wanafunzi. Chuo kikuu chao kilianzishwa mwaka 1477. Hebu isomeni tena tarehe hiyo: 1477. Vasco da Gama alikuwa bado hajafika pwani yetu. Na ukiingia mjini usitafute lango la chuo wala mlinzi wa kukuuliza kitambulisho. Chuo ni mji na mji ni chuo. Idara hii iko juu ya duka la mikate, ile iko ngomeni, maktaba iko kule, na baiskeli ziko kila mahali, zimefungwa hata pale palipoandikwa usifunge baiskeli. Mimi niliyesomea kwenye chuo chenye uzio, geti na askari wa zamu nilijisikia kama nimeingia sebuleni kwa mtu bila kubisha hodi.

Kaka alinipokea darajani. Chini yetu vijana walikuwa ndani ya mashua bapa ndefu, mmoja amesimama nyuma anaisukuma kwa upondo, sawasawa na mtu wa mtumbwi kwetu, tofauti ni kwamba hawa hawavui chochote, wanakunywa bia. Kando ya maji kuna mnara wa rangi ya njano. Humo aliishi mshairi Friedrich Hölderlin miaka 36, kuanzia 1807 mpaka alipofariki 1843. Alikuwa amerukwa na akili, hospitali imemkatia tamaa, na aliyemchukua akamtunza alikuwa fundi seremala, Ernst Zimmer, na familia yake. Profesa hakumchukua, mtawala hakumchukua, fundi seremala ndiye aliyemchukua. Nilisimama pale kidogo.

Mengine nitayapitisha haraka, maana nataka kufika kwenye jambo langu. Juu mlimani kuna ngome ya Hohentübingen. Jiko la zamani la ngome hiyo liligeuzwa maabara, na mwaka 1869 kijana wa Kiswisi, Friedrich Miescher, akichunguza usaha uliotoka kwenye bandeji za hospitali, akapata kitu ambacho hakuna aliyekijua, akakiita nuklini. Ndicho hicho leo tunachokiita DNA. Jikoni! Kutokana na usaha! Ngome hiyohiyo ina makumbusho yenye farasi mdogo aliyechongwa kwa pembe ya mamothi, hazidi sentimita tano, ana umri wa kama miaka 40,000. Halafu ukishuka mjini kwenye uchochoro wa Münzgasse kuna nyumba yenye bango la heshima kwamba Goethe, mwandishi wao mkubwa kuliko wote, alilala humo mwaka 1797. Nyumba ya jirani wanafunzi wakabandika bango lao: Goethe alitapika hapa. Nilicheka mpaka watu wakageuka. Taifa linalojiamini linaweza kumtania mkubwa wake namna hiyo na dunia isianguke.

Karibu na hapo kuna jengo linaloitwa Stift, bweni la wanafunzi wa theolojia tangu karne ya 16. Johannes Kepler, aliyegundua kwamba sayari hazizunguki jua kwa duara kamili, alilelewa humo. Na karibu mwaka 1790 vijana watatu walikaa humo pamoja: Hölderlin tuliyemtaja, Schelling, na Hegel. Nikamwambia kaka, huyu wa mwisho nina kesi naye. Hegel ndiye aliyekuja kufundisha kwamba Afrika si sehemu ya historia ya dunia, kwamba haina maendeleo ya kuonyesha. Afrika yenyewe hajawahi kuikanyaga. Wakati anatoa mihadhara hiyo Berlin, miaka ya 1820, Mombasa kulikuwa na mtu anaitwa Muyaka bin Haji anatunga mashairi juu ya siasa, vita, mapenzi na njaa ya mji wake, kwa lugha iliyokuwa imeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa vizazi na vizazi. Kama angeuliza tu mabaharia!

Na msidhani mji huu ni wa kupendeza mwanzo mwisho. Chuo kilipoanzishwa, mtawala Eberhard, ambaye jina lake chuo bado kinalibeba, aliamuru Wayahudi waondoke mjini. Usiku wa Novemba 1938 sinagogi la hapa lilichomwa moto. Na baadhi ya makamanda wa vikosi vya mauaji vya Wanazi huko Ulaya Mashariki walikuwa ni wasomi waliotoka kwenye madarasa ya hapahapa, wengine wenye shahada za sheria. Sijui kwa nini tunaendelea kuamini kwamba kusoma sana kunamfanya mtu awe mwema.

Sasa jambo langu. Tukiwa tunakunywa kahawa nikamuuliza kaka: "Unajua kwamba sarufi ya kwanza ya Kiswahili kuchapishwa ilipigwa chapa hapa?"

"Hapa wapi?"

"Hapa Tübingen. Mwaka 1850."

Ana mwaka wa tatu hapa. Hakujua. Na mimi sijisifu, nilijua kwa bahati tu, nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa nikakutana na ukurasa wa mbele wa kitabu cha Ludwig Krapf, maelezo ya misingi ya lugha ya Kiswahili, na chini pameandikwa Tübingen, kwa mpiga chapa Fues, 1850. Mwaka huohuo na mahali hapohapo ilitoka orodha yake ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki. Krapf huyu tunamkuta kwenye vitabu vya historia vya sekondari kwa mistari miwili: mmisionari, aliuona Mlima Kenya 1849. Mwenzake Rebmann aliuona Kilimanjaro 1848. Weka alama ya vema, nenda swali linalofuata. Hakuna mwalimu aliyenieleza kwamba Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, ambacho siku hizi ni mtaa wa Tübingen, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka stesheni.

"Twende," akasema kaka. Tukaenda.

Derendingen haina cha kupiga picha. Nyumba safi, bustani ndogondogo, kijito, duka la mikate lililofungwa saa saba mchana kwa sababu ni Jumamosi. Nilijaribu kumfikiria mtoto wa mkulima wa hapa, miaka mia mbili iliyopita, anakwenda Tübingen kusoma shule ya Kilatini. Krapf mwenyewe alisimulia kwamba akiwa mtoto alipigwa vibaya na jirani aliyemdhania ni mtu mwingine, akaugua karibu miezi sita, na kitandani hapo ndipo alipozama kwenye kusoma. Baadaye akapata ramani, akashangaa kwa nini upande ule wa Adal na Usomali una majina machache vile, kwani hakuna watu? Swali zuri la mtoto. Laiti Hegel naye angejiuliza.

Tulipofika kwenye kanisa la kijiji tukakuta mama mmoja mzee anamwagilia maua jirani yake. Alitutazama, akatabasamu, akauliza Kijerumani. Kaka akatafsiri: "Anauliza kama tumetoka Slovenia."

Slovenia! Mimi na weusi wangu huu! Nilidhani mama macho hayaoni vizuri. Kumbe maskini ana sababu. Wageni wanaokuja kuliulizia kanisa hili, anasema, wengi ni Waslovenia, na yeye kazoea kuuliza. Ndani ya kanisa hilo amezikwa Primož Trubar, mchungaji aliyefukuzwa kwao kwa ajili ya dini, akaja kuwa mchungaji wa Derendingen mpaka kifo chake mwaka 1586. Trubar ndiye aliyeandika vitabu viwili vya kwanza kuchapishwa kwa lugha ya Kislovenia, katekisimu na kitabu cha kujifunza kusoma. Vilichapishwa mwaka 1550. Wapi? Tübingen.

Ndugu zangu, nilikaa chini kwenye ukuta. Mwaka 1550 mji huu unachapisha vitabu vya kwanza vya Kislovenia. Mwaka 1850, miaka mia tatu kamili baadaye, mji huuhuu unachapisha sarufi ya kwanza ya Kiswahili. Na wahusika wote wawili, mmoja amezikwa kwenye kijiji kile na mwingine amezaliwa kwenye kijiji kilekile. Mimi si mtu wa kuamini sana ishara, lakini mwandishi wa habari akikutana na kitu kama hiki asipokiandika arudishe kalamu.

Sasa waangalieni Waslovenia. Ni watu milioni mbili na kitu. Ilala na Temeke peke yake tungewameza. Kwa karne nyingi walitawaliwa na Waaustria, na Kijerumani kilikuwa ndiyo lugha ya mtu aliyeelimika, Kislovenia ni cha wakulima na vijakazi. Mnajua wimbo huo, si ndiyo? Mwaka 1919 wakafungua chuo kikuu chao Ljubljana, wakafundisha kwa lugha yao. Leo daktari wao anasoma udaktari kwa Kislovenia, mhandisi uhandisi kwa Kislovenia, na Kiingereza wanakijua vizuri kuliko sisi. Walipoingia kwenye sarafu ya euro mwaka 2007, kwenye sarafu yao ya euro moja wakaweka sura ya Trubar. Nilizitoa sarafu zote kwenye pochi nikatafuta. Nikapata tai wa Kijerumani, Mhispania mmoja, Trubar hayumo.

Na sisi? Tuko milioni 61 na ushei kwa sensa ya 2022, Tanzania peke yake. Ongeza Kenya, ongeza Kongo, ongeza majirani wengine. UNESCO inasema wasemaji ni zaidi ya milioni 200. Mwaka 2021 UNESCO wakatupa siku, Julai 7. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi. Tunavaa vitenge, tunasoma mashairi, viongozi wanahutubia. Kesho yake asubuhi mtoto wa kidato cha kwanza anaingia darasani anafundishwa biolojia kwa lugha ambayo yeye haijui, na mwalimu wake naye anaijua nusunusu.

Mimi nimepita humo. Nilimaliza darasa la saba nikiwa mtoto ninayenyoosha kidole kila swali. Nilipoingia kidato cha kwanza nikawa bubu. Kweli kabisa, mwaka mzima. Kulikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Ukikamatwa unasema Kiswahili unakivaa shingoni, na hukivui mpaka umkamate mwenzako. Tukageuzwa wapelelezi wa ndimi za wenzetu tukiwa na miaka kumi na nne. Mwalimu wetu wa fizikia, mtu mwema sana, alikuwa anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anasoma alichoandika, anatazama nyuso zetu, halafu anakwenda kufunga mlango. Akishafunga mlango anasema, "Haya, sikilizeni." Na hapo ndipo tulipojifunza fizikia. Kila kitu ninachokielewa kuhusu umeme nilikielewa mlango ukiwa umefungwa.

Narudi kwa Krapf, maana nisipomalizana naye mtasema nimemfanya mtakatifu. Krapf alikuwa na nia yake. Alikuja kuhubiri Injili, na alisema wazi kwamba alitaka Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu, ili Uislamu usizidi kupata nguvu. Herufi ninazoandikia sasa hivi zimetokana kwa sehemu na mpango huo. Pia gharama yake haikuwa ndogo: mkewe Rosina na mtoto wao mchanga walifariki Mombasa Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika. Mtu wa namna hiyo simtukani wala simpambi. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, yeye ameshafariki mwaka mmoja kabla.

Ninachokataa ni pale tunapomwita baba wa Kiswahili au mgunduzi wa Kiswahili. Alikigundua wapi? Alikikuta kwa wenyewe. Mwaka huohuo wa 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na aliyeketi naye kumfundisha alikuwa Sheikh Ali bin Mueddin, mtu wa Barawa, kadhi wa Mombasa. Hebu mfikirieni kadhi wa Kiislamu anakaa na mmisionari wa Kikristo kutoka Derendingen, anamweleza neno hili na neno lile, na anajua kabisa mwenzake anataka kuyafanyia nini. Je, huo si usomi? Si uungwana? Muyaka alikuwa amefariki miaka michache tu kabla; watu waliomsikia kwa masikio yao walikuwa bado wanatembea barabarani. Krapf aliwakuta wenye elimu, akapewa elimu, akaipeleka kwenye mashine ya chapa. Hata miswada ya tenzi za kale aliikusanya akaituma Ujerumani, kwenye maktaba ya chama cha wasomi wa mambo ya Mashariki, mjini Halle. Kama si yeye pengine ingepotea. Kwa kuwa ilikuwa kwake, mjukuu wa mtunzi akitaka kuiona anaomba viza. Yote mawili ni kweli, na mimi nimechoka kuambiwa nichague moja.

Tukiwa tunarudi mjini kaka akanikatiza. Yeye ni mtu wa sayansi, hapendi hotuba.

"Dada, lakini hujaniuliza tasnifu yangu naiandika kwa lugha gani."

"Kijerumani?"

"Kiingereza. Profesa wangu Mjerumani, maabara ya Kijerumani, makala zote Kiingereza. Hawa wenyewe wanakikimbilia. Wewe unataka sisi tukikimbie?"

Hoja nzito, na sikuwa na jibu la haraka. Tulitembea kimya mpaka chini ya daraja la reli. Nimeifikiria tangu siku hiyo, na jibu langu ni hili. Chuo hiki kilipoanza mwaka 1477 Kijerumani hakikuwa lugha ya darasani. Ilikuwa Kilatini. Kepler aliandika vitabu vyake vikubwa kwa Kilatini. Profesa aliyesema Kijerumani nacho kinaweza kubeba falsafa alionekana mshamba. Mwaka 1687, Leipzig, Christian Thomasius alipobandika tangazo la mhadhara wake kwa Kijerumani ilikuwa ni fujo na kashfa. Hoja walizotumia kumpinga ni zilezile tunazozisikia Dodoma na Dar es Salaam: lugha haina istilahi, tutajitenga na dunia, wasomi watatudharau. Wakaendelea hivyohivyo, wakatunga istilahi kadiri walivyozihitaji, wakafundisha watoto wa wakulima, na ndani ya miaka mia mbili wanafunzi wa Kimarekani wakawa wanavuka bahari kuja kusoma Kijerumani ili waelewe kemia. Leo profesa wa kaka akiandika Kiingereza anaandika kama mtu mwenye nyumba yake aliyekwenda kulala hotelini. Mtoto wake hapa chini, shule ya msingi mpaka sekondari, anasoma fizikia kwa Kijerumani, na mlango wa darasa uko wazi.

Hayo ndiyo ninayoyataka. Sitaki Kiingereza kifutwe, mimi mwenyewe kinanilisha. Maombi ya mafunzo haya niliyaandika kwa Kiingereza. Nataka kifundishwe vizuri, kama somo, na mwalimu anayekijua, kuanzia chini. Na sayansi ifundishwe kwa lugha ambayo mtoto anaotea ndoto. Sera ya elimu iliyozinduliwa mwaka 2015 ilisema Kiswahili kitumike ngazi zote. Tulishangilia. Baraza la Kiswahili lipo tangu 1967, kamusi za istilahi zipo, maneno yapo: usanisinuru, kani, mvutano, utando. Hadi leo sekondari ni Kiingereza. Na wale wanaotetea hali hii, nawaomba wajibu swali moja tu: watoto wao wanasoma wapi? Maana mwenye uwezo amempeleka wake shule ya Kiingereza tangu chekechea, kwake hakuna ukuta wa kidato cha kwanza. Ukuta ni kwa mtoto wa Nachingwea.

Kaka akanisindikiza mpaka jukwaani. "Umeshinda nusu," akasema. "Ile nusu nyingine niachie, nataka kumaliza tasnifu kwanza." Treni ikaja, tukaagana kwa haraka ile ya Wajerumani, mlango ukifunga umefunga.

Nilikaa dirishani. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mashamba ya mizabibu na behewa limejaa vijana waliotoka kwenye mashua zao, wamechomwa na jua mpaka wekundu. Simu ikalia. Mdogo wangu, yuko kidato cha pili, kanitumia picha ya daftari lake. Mwandiko mzuri, ametumia rula, ametumia kalamu ya rangi mbili. Ameandika tafsiri ya osmosisi kwa Kiingereza, mistari mitatu, bila kosa hata moja. Chini yake ujumbe: "Dada, hii maana yake nini?"

Nikamrekodia sauti, nikizungumza polepole ili nisiwasumbue majirani. Nikamwambia, kumbuka bibi anavyoloweka maharage usiku. Asubuhi yamekuwaje? Yamevimba. Ganda lake ni kama chujio, linaruhusu maji yaingie, yaliyomo ndani hayatoki. Maji yanatoka kule yaliko mengi yanaingia kule yaliko machache. Ndiyo hiyo hiyo.

Alijibu kabla hatujafika Reutlingen. "Aaah! Kumbe ndiyo hiyo tu?" Halafu nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena.

"Sasa dada, kwenye mtihani naandikaje?"